Kabla ya Kuvuka Kizingiti: Namna ya Kuishi na Wenyeji wa Ukraine na Urusi

Jambo la kwanza analoliona msafiri kutoka kwetu anapofika Kyiv au Moscow ni nyuso za watu. Wapita njia wanapishana bila salamu, mwenye duka anapokea fedha bila kutabasamu, na jirani anayepanda lifti moja nawe anatazama sakafu mpaka mlango ufunguke. Wengi hudhani hicho ni kiburi au chuki, na hukaa na dhana hiyo kwa miezi, mpaka siku wanapoalikwa nyumbani kwa mtu. Hapo mwenyeji yuleyule mwenye uso mkavu humpokea mgeni koti, humtafutia ndara, humjazia sahani mara tatu na kumfungia chakula cha kwenda nacho. Katika nchi hizi mbili karibu adabu yote hugeuka kwenye kizingiti cha mlango, kwa sababu nje ni kwa watu usiowajua na ndani ni kwa watu wako. Maelekezo haya yanaifuata njia hiyo ya mgeni, kutoka barabarani mpaka mezani.

Jua uko nchi gani

Kwanza kabisa, usizichanganye nchi hizi. Desturi nyingi za nyumbani zinafanana, kwa kuwa zote mbili zilikuwa ndani ya Umoja wa Kisovieti uliovunjika mwaka 1991, lakini Kiukraine na Kirusi ni lugha mbili, na tangu Urusi ilipoivamia Ukraine kwa jeshi lake lote tarehe 24 Februari 2022, kumwita Mwukraine Mrusi ni kumtonesha kidonda. Sema Kyiv, wala si Kiev, ambalo ni umbo la Kirusi. Sema pia Odesa na Kharkiv. Utawakuta Waukraine wengi waliokua wakizungumza Kirusi, hasa katika miji ya mashariki na kusini, lakini mwache mwenyeji achague lugha mwenyewe. Wewe anza kwa "dobryi den" na umalizie kwa "diakuiu", yaani asante. Ukiwa Urusi, maneno hayo ni "zdravstvuite" na "spasibo". Hata majina ya marais yanaonyesha mpaka huo, kwani Volodymyr na Vladimir ni jina moja, kila nchi ikilitamka kwa lugha yake.

Vita vimebadilisha safari yenyewe. Anga ya Ukraine imefungwa kwa ndege za abiria tangu siku ile ya Februari, hivyo watu huingia kwa treni au basi kupitia Poland na nchi nyingine jirani. Serikali nyingi zinawaonya raia wao wasiende, na onyo hilo si la kupuuzwa. Mwenye sababu ya kuwapo huko hutii amri ya kutotoka nje usiku, hapigi picha vizuizi vya barabarani wala askari, na king'ora kikilia huwafuata wenyeji wanakokimbilia. Kila siku saa tatu kamili asubuhi nchi hukaa kimya kwa dakika moja kuwakumbuka waliouawa vitani. Ukiona watu wamesimama barabarani, simama nawe. Kwa upande wa Urusi, Visa na Mastercard zilisitisha shughuli zao huko Machi 2022, kwa hiyo kadi ya aina hizo iliyotolewa na benki ya Nairobi au Dar es Salaam haitakusaidia, na itakubidi ubebe fedha taslimu. Usianzishe mjadala wa vita na mtu usiyemfahamu, kwa maana sheria zilizopitishwa mwaka huohuo zinaadhibu maneno yanayohesabiwa kuwa ni kulikashifu jeshi.

Salamu na majina

Sisi tuliolelewa kwa salamu ndefu, habari za nyumbani, za kazi, za watoto, hapa ndipo tunapopata taabu. Salamu ya huko ni fupi na hutolewa mara moja kwa siku. Ukimsalimu mwenzako asubuhi, kisha mkakutana tena mchana ukamsalimu upya kwa neno lilelile, atashangaa kama umesahau kwamba mmekwisha kuonana. Swali la "habari yako" nalo si pambo la mazungumzo. Asiyekujua hatarajii kuulizwa, na anayekujua anaweza kukujibu kwa kirefu, pamoja na maumivu ya mgongo na bei ya viazi. Warusi wana methali isemayo kwamba kucheka bila sababu ni dalili ya upumbavu, na tabasamu la mfululizo kwa watu wa njiani huleta shaka kuliko urafiki. Usiuone uso uliotulia kuwa umekasirika.

Heshima kwa mkubwa, hata hivyo, tutaelewana nao bila mkalimani. Kama ambavyo kwetu mtu hawezi kumwambia mzee "mambo vipi", lugha zao zote mbili zina namna mbili za kusema "wewe": "ty" kwa rafiki, ndugu na mtoto, na "vy" kwa mkubwa, mwalimu, daktari na mtu mliyekutana leo. Anza na "vy" kwa kila mtu mzima, usihame mpaka yeye mwenyewe apendekeze. Nchini Urusi mwalimu au mkuu wa kazi huitwa kwa jina lake likifuatiwa na la baba yake, kama Ivan Petrovich, yaani Ivan mwana wa Petr, au Anna Ivanovna, Anna binti Ivan. Msomaji wa pwani ataona kwamba hizi ni "bin" na "binti" zetu, ila wao wameziweka mwishoni mwa neno. Ni somo ambalo wanafunzi wa Afrika wamekuwa wakikutana nalo darasani tangu chuo kikuu cha urafiki wa mataifa kilipofunguliwa Moscow mwaka 1960, na mwaka uliofuata kikapewa jina la Patrice Lumumba.

Waukraine nao wana jina la baba, lakini wengi siku hizi hupenda "pan" kwa mwanamume na "pani" kwa mwanamke, na jina lenyewe hubadilika mwisho mtu anapoitwa: Olena huitikia "Oleno", Ivan huitikia "Ivane". Usishangae pia mtu mmoja akiwa na majina mengi ya mapenzi. Sasha anaweza kuwa mwanamume au mwanamke, kwani ni kifupi cha Aleksandr na cha Aleksandra pia.

Njiani na kwenye foleni

Ukifika ofisini au zahanati ukakuta watu wameketi huku na huku bila mstari, usidhani hakuna foleni. Uliza nani wa mwisho, mkumbuke huyo, na atakayekuja baada yako mjulishe kwamba wewe ndiye uliye mbele yake. Foleni iko vichwani mwa watu, na anayeiruka hukaripiwa na wote. Katika basi dogo liitwalo marshrutka, ambalo ni daladala isiyo na konda, nauli hupitishwa mkono kwa mkono mpaka kwa dereva, na chenji hurudi kwa njia ileile. Mtu akikugusa bega na kukupa fedha hakuhongi, anataka umpitishie. Miji mingi sasa hulipa kwa kadi, lakini mazoea hayo hayajafa. Kwenye treni za chini ya ardhi simama upande wa kulia wa ngazi za umeme, uwaachie kushoto wenye haraka, na mzee akiingia mpishe kiti kabla hajakutazama. Kituo cha Arsenalna mjini Kyiv, kilichofunguliwa mwaka 1960, kiko mita 105.5 chini ya ardhi, kwa hiyo utasimama kwenye ngazi hizo muda wa kutosha kujifunza.

Kwenye majengo, ghorofa ya kwanza ni ile iliyo sawa na ardhi. Ukiambiwa ghorofa ya tatu, hesabu kuanzia mlango wa kuingilia.

Koti ni jambo zito. Katika majumba ya tamthilia, makumbusho na vyuo, huliachi koti begani wala kwenye kiti. Unalikabidhi kwenye chumba cha makoti na kupewa namba. Kabla ya safari, hakikisha koti lako lina kitanzi cha kutundikia nyuma ya shingo, maana mama anayeyapokea atakukemea kwa kukosa uzi wa senti mbili. Na ukipita mbele ya waliokwisha kuketi ukumbini, wape uso, usiwape mgongo.

Utakemewa pia na mabibi usiowajua kuhusu kofia uliyosahau, shingo iliyo wazi, au kuketi juu ya jiwe la baridi, jambo linaloaminika kumharibia mwanamke kizazi. Upepo unaopenya kati ya madirisha mawili yaliyo wazi huogopwa kama ugonjwa wenyewe. Sibishani nao: bibi anayekufunga skafu barabarani ndiye mtu wa kwanza aliyekuhesabu kuwa mtoto wa mtu.

Mlangoni

Umealikwa, usiende mikono mitupu. Keki, chokoleti au matunda yanatosha, na maua yanapendeza zaidi, lakini yahesabu. Aliye hai hupewa idadi ya witiri, moja, matatu, matano au saba. Idadi ya shufwa ni ya jeneza na kaburi. Mwuza maua anajua, ila wewe uliyechuma au kununua sokoni unaweza kuingia na mawili mazuri ukaona nyumba nzima imenyamaza. Kwa Warusi wengi maua ya manjano huashiria kutengana, kwa hiyo mpenzi mchagulie rangi nyingine. Kisu hakitolewi zawadi bure. Mpokeaji hulipa sarafu moja ili kionekane kimenunuliwa, na pochi hutiwa fedha kidogo ndani.

Mlango ukifunguliwa, zuia mkono wako. Kwetu mtu hupiga hodi, akaitikiwa karibu, na mkono ukapokewa palepale mlangoni. Huko kusalimiana kwa mkono, kukumbatiana au kupitisha kitu juu ya kizingiti huhofiwa kuleta ugomvi, na wazee hulihusisha na pepo wa nyumba, "domovoi" kwa Kirusi na "domovyk" kwa Kiukraine, anayesemekana kukaa chini ya kizingiti. Ingia kwanza kwa miguu yote miwili, ndipo unyooshe mkono. Mwanamume avue glavu kabla ya kushika mkono wa mtu.

Viatu huvuliwa mlangoni, kama katika nyumba nyingi za kwetu, ila huko hutembei peku. Utapewa ndara za ndani, ambazo kila nyumba huweka jozi kadhaa kwa ajili ya wageni, na kuzikataa kutamtia mwenyeji wasiwasi kwamba utaugua. Vaa soksi zisizo na tundu. Ukishaingia usipige mluzi, kwani wanasema mluzi wa ndani hufukuza fedha. Sisi ambao tulionywa utotoni kwamba mluzi wa usiku huita nyoka tutalielewa hilo upesi.

Mezani

Chakula kitakuja kwa awamu, na kosa la kawaida la mgeni ni kushiba kwenye awamu ya kwanza. Sahani ndogo za saladi, samaki, matango ya chumvi na nyama baridi zilizojaa mezani si mlo wenyewe. Baada yake kuna supu, kisha nyama au maandazi yaliyojazwa, kisha chai na vitu vitamu. Mkate usiutupe wala kuuchezea. Mgeni rasmi hupokewa kwa mkate na chumvi. Akiletewa, humega kipande, hukichovya katika chumvi na kukila.

Mwislamu au mtu asiyekula nguruwe aseme mapema, kabla ya siku ya mwaliko, kwa sababu "salo", mafuta ya nguruwe yaliyotiwa chumvi, ni fahari ya meza ya Kiukraine, na supu ya viazisukari vyekundu iitwayo borscht mara nyingi huwa na nyama hiyo. Mezani kwa Mwukraine usiiite borscht chakula cha Kirusi: Julai 2022 UNESCO iliuingiza utamaduni wa Kiukraine wa kuipika katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, na hakuna aliyesahau.

Kuhusu pombe, asiyekunywa atoe sababu moja iliyo wazi, dini, dawa au kuendesha gari, na asiibadilishe katikati ya karamu. "Kidogo tu" ni jibu baya kuliko yote, maana glasi itajazwa kila inapopungua. Jaza sharubati ya matunda, inuka na wengine na usikilize. Hakuna anayekunywa kabla mtu hajasema neno la kutakia heri, na ukiombwa kusema lako, lisiwe la sekunde mbili. Shukuru nyumba, mpishi na wazazi. Miongoni mwa askari na familia zao glasi ya tatu ni ya waliokufa: watu husimama kimya na glasi hazigonganishwi. Chupa ikiisha huondolewa mezani na kuwekwa sakafuni. Na ikiwa umekuja kwa sherehe ya kuzaliwa iliyotangulizwa kwa siku moja, weka pongezi zako mfukoni mpaka siku yenyewe, kwani kumpongeza mtu kabla ya wakati huhesabiwa kuwa nuksi.

Siku ya kuondoka

Usinyanyuke ghafla. Kuaga huanza mezani, huendelea kwenye ukumbi wa viatu, na huko huweza kuchukua nusu saa huku makoti yamevaliwa. Safari ikiwa ndefu, na mizigo imefungwa mlangoni, wenyeji watakwambia uketi. Wote huketi, hata juu ya sanduku, kimya kwa muda mfupi, kisha mkubwa husimama na watu hutoka. Usicheke wala kuchukua simu wakati huo. Ukikumbuka kwenye ngazi kwamba umesahau pasipoti, rudi uichukue, lakini kabla ya kutoka mara ya pili jitazame kwenye kioo kilicho karibu na mlango. Mwenyeji atakuwa amesimama hapo kuhakikisha umefanya hivyo.