Somo: Asubuhi ya ndege Dunga, Oktoba na Novemba

Baridi ikianza kubisha Ulaya, ndege wa huko hushuka kusini, na kufikia katikati ya Oktoba mbayuwayu na vitwitwi, ndege wadogo wa matopeni, wameshatua Ghuba ya Winam, mkono wa Ziwa Victoria. Dunga, kinamasi cha mafunjo kando ya Kisumu, inakupa na jingine: ndege wanaoishi ndani ya mafunjo tu, mwaka mzima, ambao nje ya mafunjo huwaoni. Hawa wawili hawatafutwi kwa namna moja. Wa mafunjo anangojwa. Mgeni wa matopeni anafuatwa.

1. Darubini, usiku uliotangulia. Ya 8x42 inatosha. Ya 10x inakuza zaidi, lakini kwenye mtumbwi inatikisa picha hadi huoni kitu. Simama mita 30 hivi kutoka kwenye bango lenye maandishi. Fumba jicho la kulia, zungusha gurudumu la kati mpaka herufi zikae wazi. Sasa fumba la kushoto, na safari hii uguse pete ya jicho la kulia peke yake. Wengi huiruka hatua hii, kisha saa tatu asubuhi kichwa kinawagonga na lawama ni za darubini. Ukivaa miwani, kunja vile vipira vya macho.

2. Fika saa 11:45. Jua hutoka karibu saa 12:20, na ndege wa mafunjo huimba zaidi kabla halijapanda. Tafuta mahali mafunjo yanapokatika: mdomo wa mfereji au njia ya wavuvi. Kaa dakika 40 bila kusogea. Anayezungukazunguka husikia sauti nyingi na kuona majani yakitikisika, basi.

Anayetafutwa na kila mtu ni tiva wa mafunjo. Mgongo mweusi, kifua chekundu cha kuiva. Tatizo ni kwamba ana binamu, tiva kichwa-cheusi, ambaye ni mwekundu vilevile na hujaa hata kwenye ua wa nyumba mjini. Usiangalie kifua, angalia utosi. Wa mafunjo ana utosi wa manjano ya dhahabu na alama nyeupe bawani. Binamu ni mweusi juu kote, bawa halina nyeupe. Wengi wanaorudi wakijisifu wamemwona tiva wa mafunjo juu ya mwembe walimwona binamu.

3. Mtumbwini, saa 1:15 hadi saa 3:30. Kubalianeni bei kabla ya kupanda, jaketi la kuokolea livaliwe wala si kukaliwa. Mwambie mwenye mtumbwi azime injini na apige kasia mkikaribia mafunjo. Hapa utaona furukombe, mdiria, na buabua wadogo wageni wanaorukaruka juu ya maji. Rudini mapema: kuanzia adhuhuri upepo wa ziwa hugeuka kuja nchi kavu, mawimbi yanainuka, na msimu huu mvua ya radi hupenda alasiri. Kiboko akionekana, mwenye mtumbwi ndiye anayeamua, si mwenye kamera.

4. Matopeni. Kitwitwi wa kawaida na kitwitwi wa msituni ndio wanaowachanganya wanafunzi. Wa kawaida hachoki kutikisa mkia, na weupe wa tumbo hupanda kama kabari mbele ya bega. Akiruka, hupita chini karibu na maji kwa mapigo mafupi makavu, na kiuno chake ni cha kahawia. Wa msituni ana mgongo wa madoadoa, miguu ya kimanjano na mstari mweupe juu ya jicho. Akiruka kiuno ni cheupe. Basi ukishindwa akiwa chini, ngoja aruke. Usimrushie jiwe, ametoka mbali na anahitaji kula.

Vaa gambuti. Usiingie majini miguu mitupu, kichocho kipo.

5. Daftari. Saa, mahali, idadi, upepo. Andika papo hapo, kumbukumbu ya jioni hudanganya.

Maswali ya wanachama

*Naweza kumchezea tiva sauti yake kwa simu ili atoke?*
Atatoka, ndiyo. Anadhani mwenzake amevamia makao yake, anaacha kula au kiota ili apigane na spika. Dunga hutembelewa na watu wengi. Kila mmoja akicheza mara mbili, ndege huyo hana asubuhi.

*Niko Ahero. Lazima nije Kisumu?*
Kwa mafunjo, ndiyo. Kwa vitwitwi, mashamba yako ya mpunga ni mazuri, hasa majaruba yaliyotoka kulimwa yakiwa na maji ya kifundo. Omba ruhusa kwa mwenye shamba na utembee katikati ya tuta. Ukingo ukimeguka maji ya mwenzako yanatoroka. Ukikuta ndege wengi wamekufa pamoja, usiwaguse kwa mikono mitupu wala kuwabeba nyumbani. Kwenye mashamba ya mpunga ya Bunyala ndege wamewahi kutegwa kwa sumu ya wadudu na kuuzwa kama kitoweo. Piga picha, uwaarifu KWS, shirika la wanyamapori.

*Gugumaji likifunga ghuba?*
Huenda na upepo. Jioni wazi, asubuhi limeziba. Mpigie mwenye mtumbwi simu alfajiri kabla ya kulipa bodaboda. Likiziba, ongeza muda kwenye hatua ya 2, na ukague kingo za gugu lenyewe kwa darubini: ndege hutembea juu yake wakiokota wadudu.

*Na Nakuru?*
Ziwa Nakuru limo ndani ya hifadhi ya taifa, kwa hiyo kuna kiingilio na huingii kabla ya lango kufunguliwa. Ile saa ya alfajiri unaipoteza. Maji yalipopanda magadi yalipungua nguvu na heroe wengi wakahamia Bogoria, lakini vitwitwi bado hupatikana kingoni. Mafunjo ya Dunga usiyatafute huko.

*Nimeona kitwitwi ana pete ya rangi mguuni.*
Andika rangi, mguu gani, juu au chini ya goti, na herufi kama zipo. Piga picha hata ikiwa mbaya. Bila kujua ni mguu upi, rangi peke yake haitoshi kumtambua.