Jinsi ya kuomba viza ya Benin mtandaoni kwa familia inayokwenda kupumzika Ouidah na Grand-Popo

Familia yetu ina pasipoti za nchi mbili. Mimi na mume wangu tunasafiria za Tanzania, na watoto wetu wawili, waliozaliwa London, wana za Uingereza. Miaka yote sisi wazazi ndio tunaokusanya taarifa za benki, barua za kazini na picha za pasipoti, huku watoto wakipita tu. Tulipoamua kwenda kupumzika Grand-Popo, kule magharibi mwa Benin karibu na mpaka wa Togo, mambo yaligeuka. Sisi wazazi hatukuhitaji viza. Watoto ndio walioihitaji. Nilifurahi kuliko ninavyoweza kueleza, kisha nikakaa chini kuwaombea. Naandika hapa njia nzima, kwa sababu najua familia nyingi za Waswahili walioko Ulaya na Marekani ziko kama yetu.

Kwanza jueni nani anahitaji viza

Mwaka 2016 Rais Patrice Talon alitangaza kwamba raia wa nchi za Afrika wataingia Benin bila viza, kwa muda usiozidi siku 90. Kwa hiyo mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo haombi viza ya mapumziko. Anahitaji pasipoti iliyo hai na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, basi. Mwenye pasipoti ya Uingereza, Marekani, Kanada, Ujerumani au nchi nyingine ya Ulaya anaomba viza ya mtandaoni, hata kama kwao ni Tanga na anaongea Kiswahili tangu utotoni. Inayotazamwa ni pasipoti unayosafiria. Pangeni pasipoti zote za familia mezani, mzitenge mafungu mawili, na msije mkadhani kwamba mtoto anafuata hali ya mama yake. Kila pasipoti isiyo ya Afrika, hata ya mtoto mchanga, ina ombi lake na malipo yake.

Zikiwa bado mezani, zifungue mtazame tarehe ya mwisho. Iwe imebaki miezi sita au zaidi kuanzia siku mtakayofika. Pasipoti za watoto za Uingereza hudumu miaka mitano tu, nazo humshtukiza mtu.

Chanjo itangulie viza

Watu wengi huanza na viza na kuiacha chanjo hadi wiki ya safari. Fanyeni kinyume chake. Cheti cha homa ya manjano huanza kukubalika siku ya kumi baada ya kuchomwa sindano. Ukichanja Jumatatu ukasafiri Ijumaa, kadi yako haijaanza kazi, hata kama ina mhuri halali. Uzuri ni kwamba tangu Julai 2016, kwa kanuni za Shirika la Afya Duniani, sindano moja inatosha maisha yote. Kadi ya zamani iliyoandikwa miaka kumi inakubalika bado, hakuna haja ya kuchanja upya. Mama alinitunzia yangu kwenye bahasha pamoja na cheti cha ubatizo, nami naisafiria mpaka leo.

Chanjeni katika kituo kinachotambuliwa na serikali ya nchi mnayoishi. Watoto huchanjwa kuanzia miezi tisa. Mwenye mzio mkali wa mayai, mwenye ugonjwa au dawa zinazopunguza kinga, mjamzito, na mtu wa miaka 60 na kuendelea ambaye hajawahi kuchanjwa azungumze na daktari kwanza, maana chanjo hii ina virusi hai vilivyopunguzwa nguvu. Na tafadhali, kadi za kununua bila kuchomwa sindano ziogopeni. Homa ya manjano inaua, na ipo kweli Afrika Magharibi.

Ukiwa kwa daktari huyo huyo, omba na dawa ya kinga ya malaria. Hili nalisema kwa uchungu. Tunaokaa ughaibuni tunajiona bado tuna kinga ya nyumbani, kumbe imekwisha zamani. Kusini mwa Benin malaria ipo mwaka mzima.

Chagueni aina ya viza kwa ramani

Viza za mtandaoni zilianza mwaka 2018, na ziko za aina tatu. Ya siku 30 ya kuingia mara moja ni yuro 50. Ya siku 30 ya kuingia mara nyingi ni yuro 75. Ya siku 90 ya kuingia mara nyingi ni yuro 100.

Kabla ya kukimbilia ya 50, fungueni ramani. Grand-Popo iko jirani kabisa na mpaka wa Hillacondji, na ng'ambo yake ni mji wa Aného, Togo. Wageni wengi wakishakaa siku tatu ufukweni hutamani kwenda kutembea Lomé, mji mkuu wa Togo, na kurudi jioni. Mwenye viza ya kuingia mara moja akitoka, viza yake imekwisha, ingawa siku zake hazijaisha. Kwa tofauti ya yuro 25 kwa kila mtoto, sisi tulichagua ya kuingia mara nyingi. Kama mtabaki katika miji ya Cotonou na Ouidah pekee, ya 50 inatosha kabisa. Togo nayo ina masharti yake ya kuingia, kwa hiyo yasomeni kabla ya kufika mpakani.

Tovuti ni ipi

Hapa ndipo pesa zinapopotea. Ukitafuta viza ya Benin kwenye intaneti, matangazo ya juu kabisa mara nyingi ni ya mawakala binafsi. Kurasa zao zina bendera ya Benin, zina nembo, na zinatoza kiasi kikubwa juu ya bei halisi. Anwani ya serikali ya Benin huishia kwa .bj. Tazama herufi za mwisho za jina la tovuti kabla ya kuandika chochote, na ukiona bei ya viza ya siku 30 ya kuingia mara moja ni tofauti sana na yuro 50, toka.

Kujaza fomu

Fomu ipo kwa Kifaransa na Kiingereza. Tengeni saa moja tulivu, pasipoti iwe mkononi, na tiketi na anwani ya hoteli ziwe karibu. Mtaulizwa majina, tarehe na mahali pa kuzaliwa, kazi, namba ya pasipoti, tarehe za kutolewa na kumalizika, siku ya kufika, na mahali mtakapolala.

Majina ndiyo yanayowatesa Waswahili. Kwa Kifaransa, Nom ni jina la ukoo. Majina yako mwenyewe ni Prénoms. Nilipokuwa namjazia mwanangu mkubwa, mkono ulikwenda wenyewe: kwenye Nom nikaandika jina tunalomwita nyumbani. Kilichoniokoa ni mistari miwili ya herufi kubwa iliyo chini ya ukurasa wenye picha. Itazameni. Mstari wa juu huanza na herufi P na alama ya nchi, halafu linakuja jina la ukoo, halafu alama mbili kama midomo ya ndege, <<, halafu majina mengine yakitenganishwa na alama moja moja. Kilichoko kabla ya << kiandike kwenye Nom. Kilichoko baada yake kiandike chote kwenye Prénoms, hata lile jina la bibi ambalo hakuna anayelitumia. Mashine ya uwanjani husoma mistari hiyo, haimjui mtoto kwa jina la nyumbani.

Tarehe huandikwa siku, mwezi, mwaka. Ndugu zetu wa Marekani, mliozoea kutanguliza mwezi, pitieni mara mbili.

Kwenye anwani ya Benin, andikeni jina la hoteli au nyumba ya wageni na mji. Tarehe ya kufika iwe ile iliyo kwenye tiketi, na kwa safari za usiku angalieni vizuri: mkiondoka Ijumaa usiku mnafika Jumamosi.

Picha ya pasipoti

Mtatakiwa kupakia picha ya ukurasa wenye taarifa zenu. Msipige na taa ya simu. Karatasi ya plastiki humeta, na mmeto wake hupenda kukaa juu ya uso au juu ya namba. Wekeni pasipoti juu ya meza karibu na dirisha mchana, taa zote zizimwe, simu iwe sambamba na meza. Pembe nne za ukurasa zionekane, na ile mistari miwili ya chini isikatwe. Kisha kuza picha kwenye simu usome namba kwa sauti. Kama wewe huwezi kuisoma, afisa naye hataweza.

Kulipa na kusubiri

Malipo ni kwa kadi ya benki, na benki nyingi hutuma namba ya siri ya mara moja kwenye simu. Kama kadi ikigoma, msibonyeze mara tano mfululizo. Pigeni simu benki kwanza, kwani mara nyingi ni wao wamezuia malipo yanayokwenda nchi wasiyoizoea. Hifadhini namba ya ombi mahali pawili.

Viza hutumwa kwa barua pepe, kwa kawaida ndani ya siku chache. Msiombe siku mbili kabla ya safari. Ikifika, linganisheni herufi kwa herufi na pasipoti: ukoo, majina, namba, tarehe. Kisha chapisheni nakala mbili kwa kila mtu, moja kwenye mkoba wa mkononi, nyingine kwa mzazi wa pili. Simu huisha chaji, na mhudumu wa kaunta ya ndege ndiye wa kwanza kuiuliza, kabla hata ya afisa wa Benin.

Kama mzazi mmoja anasafiri peke yake na watoto, abebe barua ya ridhaa ya mwenzake na nakala ya cheti cha kuzaliwa. Na wale wenye pasipoti za Afrika mnaoishi Ulaya, Benin itawapokea, lakini kumbukeni nchi mnamopitia na nchi mnayorudi. Kibali cha ukaazi kiwe hai hadi siku ya kurudi.

Chagueni majira kabla ya kukata tiketi

Kusini mwa Benin kuna misimu miwili ya mvua, mrefu wa kama Aprili hadi Julai, na mfupi wa Septemba hadi Novemba. Kwa ufukweni, Desemba hadi Machi ndiyo mizuri, ingawa upepo wa harmattan kutoka Sahara huleta vumbi na ukungu Desemba na Januari. Kila Januari, karibu na tarehe 10, huwa kuna sikukuu ya taifa ya dini za asili, na Ouidah hufurika watu. Ni siku nzuri sana kuiona, lakini vyumba huadimika, kwa hiyo anwani ya kuandika kwenye fomu iwe na uhakika mapema.

Na jambo moja kwa watu wa pwani yetu. Sisi tumelelewa na bahari yenye miamba ya matumbawe inayovunja mawimbi mbali, mtoto anaweza kucheza majini Nungwi au Diani siku nzima. Ghuba ya Guinea, ambayo ndiyo bahari ya Benin, haina ukuta huo. Mawimbi yanakuja mazima kutoka Atlantiki na kuvunjikia ufukweni penyewe, na mkondo unavuta kuelekea ndani ya bahari. Waogeleaji hodari hufa pale. Mkiwa Grand-Popo, kaeni chini ya minazi, tazameni wavuvi wakivuta jarife kwa kamba ndefu huku wakiimba, na maji ya kuogea yawe ya bwawa la hoteli. Mkitaka maji tulivu, pandeni mtumbwi kwenye mikoko hadi Bouche du Roy, mto Mono unapoingia baharini.

Siku ya kufika

Uwanja wa ndege wa Cotonou uko ndani ya mji, si mbali na bahari. Mkishuka, shikeni vitu vitatu mkononi kwa kila mtu: kadi ya njano ya chanjo, pasipoti, na kwa wale wa fungu la pili, karatasi ya viza. Kadi huulizwa mapema. Dirishani sisi tulitangulia kutoa pasipoti zetu za Tanzania, kisha za watoto pamoja na karatasi zao, afisa akaona mara moja kwamba ni familia moja.

Msiondoke dirishani kabla ya kusoma mhuri. Tarehe iwe ya siku hiyo na isomeke, kwa kila pasipoti, kwa sababu siku 30 za watoto na 90 zenu zinahesabiwa kutoka hapo. Wekeni tarehe ya mwisho ya watoto kwenye simu, maana ndiyo fupi.

Fedha ni faranga za CFA, na yuro moja ni faranga 655.957, kiwango kisichobadilika, kwa hiyo anayebadilisha yuro kwa 600 anawapunja. Kwenda Ouidah, mwombeni dereva apite Route des Pêches, barabara inayofuata ufukwe. Itawapitisha vijiji vya wavuvi hadi Lango la Kutorudi, lililojengwa mchangani mahali ambapo watu waliouzwa utumwani walipakiwa melini. Sisi tulishuka garini hapo na watoto, tukasimama kimya, halafu tukaendelea na safari ya Grand-Popo.