Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kupaka Rangi Kuta za Ndani

Wengi wanaokusudia kupaka rangi chumba huanzia dukani, kwenye kadi ya kuchagulia rangi, ilhali kinachoamua kama rangi itadumu ni hali ya ukuta wenyewe, hasa katika nyumba za mwambao kama Tanga, Dar es Salaam na Mombasa.

Kwanza ijulikane kama ukuta umekauka. Plasta mpya ya saruji iachwe takriban mwezi mmoja, na zaidi ya hapo wakati wa masika, kwani maji na ukali wa saruji huifanya rangi ipauke au ibanduke. Ukuta wa zamani upimwe kwa kubandika kipande cha nailoni chenye upana wa nusu mita, kingo zote zikizibwa kwa selotepu, kisha kiachwe kwa saa 24. Matone yakionekana upande uliogusa ukuta, maji yanatoka ukutani. Yakiwa upande wa chumbani, ni unyevu wa hewa tu. Unga mweupe unaochomoza karibu na sakafu ni chumvi iliyopandishwa na maji. Uondolewe kwa brashi kavu, kwa kuwa ukioshwa huyeyuka na kurudi ndani, kisha chanzo kitafutwe: bomba linalovuja, udongo uliorundikwa nje hadi juu ya msingi, au msingi uliojengwa bila nailoni ya kuzuia unyevu. Wapo mafundi wanaoshauri sehemu hiyo ifunikwe kwa rangi ya mafuta. Ushauri huo haufai, maana maji yaliyozuiwa hapo hupanda na kutokea juu zaidi.

Ukipitisha kiganja ukutani kikatoka na unga, hapo pana chokaa au rangi iliyochakaa, nayo haina budi ikwanguliwe na ukuta upakwe praima, yaani rangi ya awali ya kushikiza rangi ya juu. Rangi ya mafuta inayong'aa isuguliwe kwa msasa mpaka mng'ao utoke, la sivyo rangi ya maji haitashika. Katika nyumba ya miaka mingi, rangi ya chini huweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu. Isisuguliwe kavu, bali kwa msasa wa maji, na watoto na wajawazito wasiwepo.

Kiasi cha rangi hukadiriwa kwa hesabu nyepesi. Chumba cha mita 3 kwa 4 chenye kimo cha mita 2.7 kina kuta za mita za mraba 38 hivi, na ukitoa mlango na dirisha zinabaki kama 34. Lita moja ya rangi ya maji kwenye ukuta laini hutosha takriban mita za mraba 10, kwa hiyo mikono miwili, yaani kupaka mara mbili, itahitaji lita 7, yaani makopo mawili ya lita 4. Makopo yote yawe ya toleo moja la kiwandani, au yachanganywe katika ndoo moja.

Vyombo vitolewe au vifunikwe, umeme uzimwe kabla ya kufungua vifuniko vya soketi, na madirisha yawe wazi.

Kazi ikikabidhiwa fundi, makubaliano yataje nani atakwangua na kuziba nyufa kwa puti, mikono mingapi itapakwa, na kwamba maji ya kuzimulia rangi hayatazidi kiasi kilichoandikwa kwenye kopo. Mwenye nyumba awepo kopo linapofunguliwa, kwa maana rangi iliyozimuliwa kupita kiasi huonekana safi siku ya kwanza, na ikishakauka huacha rangi ya zamani ikionekana chini yake.