Kujua mapema bustani ya nyumbani itatoa kilo ngapi

Jirani yangu huku Buswelu, Mwanza, alikubaliana na mama lishe ampelekee mchicha na sukuma wiki kila wiki, kisha akaniuliza atavuna kiasi gani. Tulifanya hivi.

1. Pima matuta. Urefu mara upana kwa futi kamba. Njia usizihesabu.

2. Hesabu miche iliyo hai, siyo uliyopandikiza.

3. Pima sampuli. Hapa ndipo makadirio ya wengi yanapoharibika, maana mtu huenda moja kwa moja kwenye kona iliyonona. Bustani zetu za Mwanza hazilingani. Tuta moja huanza kwenye kichanga kizuri na kuishia ubavuni mwa jiwe, ambako udongo hauzidi kina cha kiganja. Mchicha wa pale hulegea saa sita mchana wakati wenzake bado wamesimama.

Kwa hiyo funga fremu ya vijiti, sentimita 50 kwa 50. Iweke mwanzo, katikati na mwisho wa tuta, bila kuchagua. Vuna vyote vilivyomo, kata mizizi kama unavyouza, pima. Fremu nne ni mita moja ya mraba. Tuseme umepata gramu 500, 400 na 300: wastani ni 400, yaani kilo 1.6 kwa mita ya mraba. Tuta la mita 1 kwa 5 litatoa kilo 8.

Mche ukiangukia juu ya kijiti, amua kabisa kabla ya kuanza: wa pande mbili unahesabiwa, wa pande mbili nyingine unaachwa. Ukihesabu wote, kadirio linavimba. Usipime mboga yenye umande wala iliyomwagiliwa sasa hivi, utapima maji. Na tafadhali usihesabu kwa mafungu! Fungu la wakati wa mvua ni nene, la kiangazi jembamba, na mkono wa kila muuzaji una kipimo chake. Nunua mzani mdogo wa jikoni wa kidijitali. Ule wa kuning'iniza unafaa ndoo ya nyanya, lakini gramu 300 za mchicha hauzisomi vizuri.

4. Sukuma wiki huchumwa mara nyingi, kwa hiyo kadiria mchumo mmoja kwanza. Chuma kila mche wa nne, tafuta wastani, zidisha kwa miche iliyo hai. Wastani wa gramu 120 kwa miche 20 ni kilo 2.4. Usiuzidishe mchumo huo kwa miezi yote iliyobaki: kiangazi cha Juni hadi Agosti vidukari hujaa chini ya majani na mchumo hushuka. Pima upya kila mwezi.

5. Nyanya: hesabu matunda, usihesabu maua. Mengi hupukutika, na kantangaze (kiwavi anayetoboa majani na matunda ya nyanya) akiingia hata tunda lililokwisha kushika si la kuahidi.

6. Punguza kabla ya kuahidi. Mimi hutoa robo kwa ajili ya wadudu, kuku na chungu cha nyumbani. Kilo 8 zinakuwa 6, na 6 ndizo za kumtajia mteja.

7. Andika kwenye daftari, siyo kwenye simu: kadirio upande mmoja, mavuno halisi upande wa pili. Vuli na masika zipe kurasa tofauti, usichanganye wastani wake.