Madini ya kutumia ukifufua injini ya Silver Ghost

Ukiletewa injini ya Rolls-Royce Silver Ghost, zile zilizoundwa kati ya 1906 na 1926, usikimbilie chuma kigumu kuliko vyote dukani. Tazama kwanza kila kifaa kinateswa na nini: joto, msuguano au kupindwa.

Anza na pistoni, hapo ndipo mafundi wengi huharibu. Za mwanzo zilikuwa za chuma cha kalibu, yaani cha kumiminwa, kama silinda zenyewe. Kama hujui uliyoshika ni ya nini, weka sumaku. Ikinasa, toboa kidogo upande wa ndani: kalibu hutoa unga mweusi unaochafua vidole, chuma cha pua hutoa nyuzi zilizojikunja.

Sasa piga hesabu. Kipenyo cha silinda ni milimita 114. Joto likipanda nyuzi 150, pistoni ya chuma hutanuka karibu milimita 0.19, ya alumini 0.39. Ukiipa alumini nafasi ileile ya chuma kati yake na ukuta wa silinda, injini itanoki, yaani pistoni itakwama, kabla hujafika getini. Ukiiachia nafasi pana, kila asubuhi itagonga mpaka ipate moto, na mwenye gari la kifahari hataki kelele. W. O. Bentley, mwanzilishi wa magari ya Bentley, alitia pistoni za alumini yenye shaba kidogo kwenye magari ya Kifaransa ya DFP kabla ya vita vya 1914, lakini yeye alitafuta mwendo wa mashindano. Ghost inakwenda taratibu, haifiki mizunguko 2,000 kwa dakika kwa safari ya kawaida. Mimi nabaki na chuma. Mteja aking'ang'ania alumini, badilisha zote sita na uzipime mizani moja baada ya nyingine.

Krenki, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, ni chuma cha pua chenye nikeli, inakaa kwenye beringi saba. Beringi usizifanye ngumu! Mimina metali nyeupe: bati kwa wingi, antimoni na shaba kidogo. Mchanga ukiingia utazama humo badala ya kuchana krenki, na oili ikikatika beringi itayeyuka kwanza. Hasara hiyo inavumilika, krenki mpya ni balaa.

Vali za ekzosi weka chuma cha kisasa kinachostahimili moto, hakuna atakayeziona.

Kasha la krenki ni alumini. Lisafishe kwa mafuta ya taa na brashi laini. Kostiki soda hailiondolei uchafu tu, inalila.