Somo: Kuhamisha mtihani wa chuo kutoka karatasi kwenda kompyuta kwa kutumia Moodle

Tuchukue darasa la watahiniwa 120, maabara yenye kompyuta 40, na Moodle (programu ya kuendeshea masomo na mitihani kwa kivinjari) iliyo tayari kwenye seva ya chuo. Anza na maswali ya kuchagua jibu. Insha ibaki kwenye karatasi kwanza, maana anayechapa kwa vidole viwili utakuwa unampima kasi ya kuchapa badala ya somo.

1. Zamu. Usijaze kompyuta zote. Weka zamu 4 za watu 30, na kompyuta 10 zinazobaki ziwe akiba.

2. Benki ya maswali. Kwa mtihani wa maswali 20, andaa angalau 60. Kila mada iwe na kundi lake, na ndani yake tenga mepesi na magumu, kisha Moodle ichote kwa bahati nasibu kutoka kila kundi. Ukiyachanganya, mmoja atapata mepesi matupu na mwenzake magumu matupu, na rufaa yake hutakuwa na la kuijibu.

Njia ya haraka ya kuyaingiza ni faili la maandishi la mtindo wa Aiken:

Homoni ipi hushusha sukari kwenye damu?
A. Glukagoni
B. Insulini
C. Adrenalini
D. Kortisoli
ANSWER: B

Lihifadhi kwa UTF-8 (usimbaji wa herufi unaochaguliwa unapohifadhi faili). Likikataliwa, mara nyingi neno ANSWER limeandikwa kwa herufi ndogo au swali limekatika mistari miwili. Jibu la "Yote hapo juu" liondoe kabisa: Moodle ikichanganya majibu linaweza kukaa A, na juu yake hakuna kitu.

3. Saa. Mtihani wa saa 3:00 asubuhi unaandikwa 09:00. Hakikisha pia seva iko Africa/Dar_es_Salaam au Africa/Nairobi. Ikiwa UTC (saa ya kimataifa, iliyo nyuma yetu kwa saa 3), mlango utafunguka saa 6:00 mchana.

4. Mipangilio. Dakika 60, jaribio 1, maswali 5 kwa ukurasa, na majibu yajiwasilishe muda ukiisha. Kwa aliyefunga kivinjari, hilo la mwisho hutegemea kroni ya seva (kazi inayojiendesha yenyewe kwa ratiba), hivyo iendeshwe kila dakika. Alama na majibu sahihi yafichwe mpaka zamu ya mwisho itoke.

5. Siku moja kabla, kila mtahiniwa aingie kwa nywila yake mwenyewe na afanye zoezi fupi. Nywila zilizosahaulika ndizo hula muda kuliko hitilafu yoyote ya mitambo.

6. Kuanza. Seva huelemewa pale wote wanapobofya kwa pamoja. Ruhusu safu moja, subiri nusu dakika, ruhusu inayofuata. Dakika 60 za kila mtu huhesabiwa tangu abofye, hivyo hakuna anayepunjwa, mradi saa ya kufunga mtihani umeisogeza mbele dakika 15.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, umeme ukikatika saa inasimama?
Jibu: Haisimami, inahesabiwa kwenye seva. Majibu hujihifadhi kila baada ya dakika 1 kwa mpangilio wa kawaida, kwa hiyo kinachopotea ni kidogo. Msimamizi aandike dakika zilizopotea, kisha uwaongezee watahiniwa muda binafsi kabla jaribio halijajiwasilisha. Ongeza muda wa jaribio na saa ya kufunga, vyote viwili. Ukiongeza kimoja, kingine kitawakata. Na UPS (betri ya akiba umeme ukikatika) ya seva bila UPS ya swichi inayounganisha kompyuta na seva haisaidii kitu.

Swali: Nafundisha hesabu. Kwenye maabara isiyo na intaneti fomula zinatokea kama alama za ajabu.
Jibu: Kwa kawaida Moodle huvuta MathJax, programu inayochora fomula, kutoka nje kwa intaneti. Weka nakala yake kwenye seva yenu, kisha ubadilishe anwani kwenye mipangilio ya kichujio cha MathJax.

Swali: Wanafunzi watumie laptop zao na Safe Exam Browser (kivinjari kinachofunga programu nyingine wakati wa mtihani)?
Jibu: Inawezekana kwa Windows na Mac, lakini wenye Linux wapewe za maabara. Faili la mipangilio lijaribiwe kwenye kila mashine kabla ya siku hiyo, na chaja zije chumbani.