Dozi ya bakteria wa tumbo: imalize, kisha rudi upime

Nashona nguo Majengo, Dodoma. Vidonda vya tumbo vimenitesa miaka sita, kwa hiyo wewe unayeanza dozi, nisikilize.

Omba kipimo cha kinyesi. Cha damu huweza kuonyesha kinga ya mwili dhidi ya bakteria hata ukishapona. Mimi kilinipotosha, nikameza dozi nzima bure. Kabla ya kupima, mwulize daktari kuhusu kuacha omeprazoli (dawa ya kupunguza asidi tumboni) wiki mbili na antibayotiki wiki nne, maana humficha bakteria.

Bakteria mwenyewe, anayeleta vidonda hivi, ni Helicobacter pylori. Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walipewa Tuzo ya Nobel 2005 kwa kumgundua. Watafiti sasa wanahangaika na usugu wake kwa dawa, hasa antibayotiki ya klarithromaisini, ndiyo maana dozi ya siku 14 inapendekezwa kuliko ya 7.

Nilichora mistari 28 ukutani kwa chaki ya kushonea, nikifuta mmoja asubuhi, mmoja jioni. Metronidazoli, antibayotiki nyingine ya dozi hiyo, iliniachia ladha ya chuma mdomoni. Uji wa uwele ulinisaidia. Pombe usiguse kabisa.

Ukipata choo cheusi kama lami, kimbia hospitali usiku huohuo.

Wiki nne baada ya kumaliza, pima tena, jamani, hata kama tumbo limetulia.